Kinamasi Kikikauka, Mtoto Huugua

MAZUNGUMZO YA 11

Wewe uliye jikoni, wewe unayepukusa mahindi, na wewe uliyekaa kibarazani na mtoto mapajani, karibuni sote. Baba pia akiwa karibu, asiondoke. Mazungumzo ya leo yanamhusu.

Wiki nyingi tumezungumza hapa juu ya chanjo, lishe na uzazi salama. Leo nataka tutoke nje ya nyumba, tuteremke mpaka kule bondeni tunakoteka maji. Tuzungumze juu ya kinamasi. Najua wengine mnauliza: muuguzi na kinamasi wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona.

Kinamasi ni ile ardhi oevu ya bondeni, yenye mafunjo, matete na tope, ambapo mguu ukikanyaga unadidimia. Wengi wetu tumezoea kuiona kama ardhi ya bure, makao ya vyura na mbu, mahali pa kuchimba mitaro ili papate kukauka tulime. Mimi pia niliiona hivyo. Ngoja niwaeleze kilichonibadilisha mawazo.

MTOTO ALIYERUDI MARA TATU

Nafanya kazi katika zahanati moja ndogo huku Magharibi, kwenye vilima vya Kaunti ya Vihiga. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, jua likiwa kali, mama mmoja aliniletea mtoto wa miezi tisa. Mtoto alikuwa anahara, macho yameingia ndani, akilia hakuna machozi. Tulimpa maji ya ORS kwa kijiko, taratibu, mpaka jioni. Akapata nafuu. Nikampa mama tembe za zinki na mafundisho yote, akaenda nyumbani.

Baada ya wiki tatu alirudi. Mtoto yule yule, ugonjwa ule ule. Mwezi wa Machi akarudi mara ya tatu, na safari hiyo ilibidi tumpeleke hospitali kubwa akawekewe maji ya mshipa. Namshukuru Mungu alipona. Lakini siku ile nilijiuliza: je, mimi namtibu mtoto huyu, au namwosha tu na kumrudisha matopeni?

Nikafungua daftari letu. Nikaona kwamba watoto wengi walioletwa kwa kuhara miezi ile walitoka upande mmoja wa kilima. Nikamwuliza yule mama, "Dada, maji mnateka wapi?" Akanijibu, "Sista, chemchemi ilikauka tangu Krismasi. Tunateka kwenye mtaro, pale ng'ombe wanapokunywa."

Chemchemi ile naijua. Iko chini ya shamba la baba mkwe wangu. Juu yake na kandokando yake kuna mikaratusi, ile miti tunayoita blugamu, aliyoipanda yeye mwenyewe. Na pale palipokuwa na mafunjo, jamaa zetu walichimba mitaro wakapanda mboga na kufyatua matofali. Tena niwaambie ukweli wote: mikaratusi ile ndiyo iliyouzwa kuwa nguzo nikamaliziwa karo ya chuo cha uuguzi. Kwa hivyo miti iliyonisomesha ndiyo iliyochangia kukausha maji ya watoto niliosomea kuwatibu. Usiku ule sikulala vizuri.

KINAMASI HUFANYA KAZI GANI?

Mama, chukua godoro la sponji ulimwagie maji. Maji hayapiti moja kwa moja. Sponji inayanyonya, kisha yanadondoka polepole, tone kwa tone, hata baada ya wewe kuacha kumwaga. Kinamasi ni sponji ya bondeni. Mvua ya masika inaponyesha kwa nguvu, maji hushuka kutoka vilimani kwa kasi. Yakifika kwenye mafunjo, mwendo unapungua. Mengine yanazama ardhini, mengine yanashikwa kwenye tope na mizizi. Kiangazi kinapokuja, sponji ile inaendelea kuachilia maji kidogo kidogo. Hayo ndiyo yanayosaidia kijito kuendelea kutiririka mwezi wa Januari.

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji ya mvua hubeba udongo, mbolea ya mashambani, kinyesi cha mifugo na cha watu wanaojisaidia vichakani. Maji yakipunguza mwendo, udongo hutua chini na uchafu mwingi hutua nao. Mafunjo na matete hutumia mbolea ile kama chakula chao. Kinamasi chenye afya hutoa maji yaliyotulia kuliko yale yaliyoingia.

Kazi ya tatu ni kuzuia mafuriko. Ukiondoa sponji, maji yote hushuka kwa siku moja, yanabomoa nyumba na kufurika vyoo, kisha wiki inayofuata hakuna kitu. Ndiyo maana kijiji kimoja kinaweza kulia mafuriko mwezi wa Mei na kulia kiu mwezi wa Januari.

Vijito vyetu vingi vya Vihiga huingia Mto Yala. Mto huo, kabla ya kufika Ziwa Victoria, hupita katika kinamasi cha Yala, kilicho kikubwa zaidi nchini kwa vinamasi vya maji baridi. Sehemu yake ilianza kukaushwa kwa kilimo tangu miaka ya 1960. Na tusidhani jambo hili ni la Magharibi peke yake. Mto Nairobi, unaopita katikati ya mji mkuu, chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu. Huko nako wananchi wamelazimika kujitokeza kukilinda.

Hayati Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel, alipoipokea mwaka 2004 alisimulia juu ya kijito cha karibu na kwao, alikokuwa akimtekea mama yake maji na kucheza kwenye majani ya nduma. Alisema baada ya zaidi ya miaka 50 kijito hicho kilikuwa kimekauka, na wanawake wanatembea mbali kutafuta maji yasiyo safi kila mara. Mama, hebu kumbuka kijito cha utoto wako. Bado kipo?

"LAKINI SISTA, KINAMASI KINALETA MBU"

Swali hili huulizwa kila ninapozungumza na vikundi vya akina mama, na ni swali zuri. Malaria bado inaua watoto huku kwetu.

Mbu anayeeneza malaria hapa kwetu hupenda zaidi vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua: mashimo ya matofali, mitaro ya shamba, nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Mafunjo mazito hufunika maji na kuyaweka baridi. Watafiti walichunguza mabonde ya Kabale nchini Uganda, wakatoa matokeo yao mwaka 2000. Waliona kuwa penye kinamasi kilichokatwa na kulimwa, joto lilikuwa juu zaidi na hatari ya malaria ikaongezeka kuliko penye mafunjo ya asili.

Kwa hivyo, mara nyingi, kukausha kinamasi na kuacha mashimo ni kuwaandalia mbu makao. Hii haina maana kwamba uache neti. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya neti yenye dawa kila usiku, iwe kuna kinamasi au hakuna.

TULIFANYA NINI?

Kumwambia baba mkwe akate miti yake si jambo dogo. Mke wa mwana hawezi kusimama mbele ya mzee na kumtolea amri. Nilianza na mama mkwe. Nilimweleza habari za yule mtoto. Akanyamaza, kisha akasema, "Nilipoolewa hapa, tulikuwa tunajaza mtungi kabla hujamaliza kusalimiana na mwenzako. Sasa wajukuu wangu wanaamka saa kumi usiku kupanga foleni." Yeye ndiye aliyezungumza na mzee, kwa lugha yao ya wazee.

Mzee hakukubali mara moja. Aliniuliza, "Mwanangu, miti hii ilikupeleka chuo. Nani atawapeleka hao wadogo?" Sikuwa na jibu siku ile. Ilikuwa swali la haki. Anayemwambia mkulima akate miti yake, naye hajafikiria karo, hajafikiria vizuri.

Mwishowe tulikubaliana hivi. Miti iliyokomaa karibu na chemchemi iuzwe kuwa nguzo, isikatwe kuwa kuni. Fedha ziwe zake. Blugamu ya juu kilimani, mbali na maji, ibaki. Visiki vya chini visiachwe kuchipua tena. Chama chetu cha akina mama kikapewa ruhusa ya kupanda miti ya kienyeji na mianzi. Jirani mmoja amekataa mpaka leo kuziba mtaro wake, na bado tunamwomba. Maji hayakurudi kesho yake. Ilichukua misimu ya mvua kabla ya jicho la chemchemi kufunguka vizuri, na hayajafikia yale ya ujana wa mama mkwe. Lakini kiangazi kilichopita hatukuteka mtaroni.

HATUA ZA KURUDISHA KINAMASI

Chukua kalamu, au mwambie mtoto wa shule akuandikie.

Kwanza, tembeeni. Akina mama, wazee na vijana mtembee pamoja kutoka chemchemi hadi kijito. Angalieni mitaro iko wapi, vyoo viko wapi, mifugo inakunywa wapi. Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na kisiwe upande wa juu yake.

Pili, zibeni mitaro inayokausha kinamasi. Magunia yaliyojazwa udongo yanafaa. Maji yakitulia, tope hurudi, na mafunjo huanza kuota yenyewe. Yasipoota, chimba vipande vya mizizi mahali yalipo mengi, upande kwenye tope.

Tatu, ondoeni mikaratusi iliyo kando ya maji. Mti huu hukua haraka kwa sababu hunywa maji mengi mwaka mzima, na mizizi yake huenda mbali chini. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, hayati John Michuki, aliagiza uondolewe kwenye vyanzo vya maji. Lakini msikate yote siku moja kwenye mteremko mkali, udongo utaporomoka. Kateni kwa awamu, mkipanda mingine. Mikuyu, mizambarau ya mtoni na mianzi hufaa kando ya maji.

Nne, tengenezeni mahali pa kunyweshea mifugo upande wa chini, na mzungushie ua mahali pa kuteka.

Tano, jengeni chemchemi. Fundi huchimba mpaka jicho la maji, akajaza mawe safi, akafunika juu, akajenga ukuta wenye bomba la kutokea maji. Juu yake huchimbwa mtaro mdogo wa kugeuza maji ya mvua yasiingie. Watafiti walifuatilia chemchemi zipatazo 200 huko Busia na Butere-Mumias, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Mahali chemchemi zilipojengwa, vijidudu vya kinyesi ndani ya maji vilipungua kwa karibu thuluthi mbili, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa karibu robo.

Sita, tazameni juu kilimani. Matuta na mistari ya nyasi za nepia hushika udongo usijae kinamasini.

Na je, tutakula nini? Kinamasi kilichotunzwa kina mapato yake. Mafunjo hukatwa kwa zamu, upande mmoja ukipumzika, yakasukwa mikeka. Mizinga ya nyuki huwekwa kwenye miti ya kando. Nduma hupandwa ukingoni bila kuchimba mitaro. Chama chetu sasa huuza miche ya miti, na sehemu ya fedha zile inasaidia karo. Bado hailingani na nguzo za mzee. Lakini ni mwanzo, naye anaona.

SHERIA INASEMAJE?

Kinamasi si mali ya kuharibiwa na yeyote apendavyo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kukausha ardhi oevu bila idhini, na kanuni za mwaka 2009 zinaeleza jinsi ya kuitumia na kuilinda. Kenya pia ilijiunga mwaka 1990 na mkataba wa dunia wa kulinda ardhi oevu, uliotiwa sahihi katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971. Ndiyo maana tarehe hiyo kila mwaka ni Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Mkiona mtu anakausha kinamasi, anzeni kwa mazungumzo, kisha baraza la chifu, kisha maafisa wa NEMA. Ujirani ni muhimu, usianze na polisi.

MAJI YAKIFIKA NYUMBANI

Sasa nisikilize kwa makini. Kinamasi kinapunguza uchafu, lakini hakiwezi kuyafanya maji kuwa salama ya kunywa. Hata katika ule utafiti wa Busia, usafi wa chemchemini haukufika wote hadi ndani ya nyumba. Maji huweza kuchafuka tena njiani, kwenye mtungi, kwa mkono na kwa kikombe. Kwa hivyo:

Osha mtungi na ufunike. Usitie majani ndani ili maji yasimwagike.

Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha ungoje dakika 30. Kama maji yana tope, yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi kwanza.

Chota kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono usiguse maji.

Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika au kulisha.

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji, hata kukiwa na joto.

Mtoto akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Changanya ORS kwa maji safi na salama kwa kipimo cha pakiti. Soma, kwa sababu pakiti nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa kuliko huyo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee polepole. Mpe tembe za zinki kwa siku zote ulizoelekezwa, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mkimbize hospitali ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, amelegea au haamki vizuri, ana degedege, au kinyesi kina damu. Usingoje asubuhi.

TUKUMBUKE

Moja: kinamasi ni sponji na kichujio cha kijiji.

Mbili: mitaro na mikaratusi kando ya maji huchangia kukausha chemchemi.

Tatu: mafunjo si adui. Mashimo yaliyo wazi ndiyo makao ya mbu wa malaria.

Nne: maji ya chemchemi, hata iliyojengwa, yachemshwe au yatiwe dawa.

Tano: mtoto akihara, ORS na zinki, na kumwona mhudumu wa afya mapema.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Chemchemi za kijiji chetu zilikuwa ngapi nyanya zetu walipoolewa? Leo ni ngapi?

2. Ni nani mwenye shamba juu ya chanzo chetu cha maji, na ni nani anayefaa kuzungumza naye?

3. Akikubali kuondoa miti yake, sisi tutamsaidiaje asipoteze riziki?

Mama zangu, yule mtoto wa miezi tisa sasa anasoma. Juzi nilimkuta chemchemini na kijimtungi chake cha lita tatu, akicheza na wenzake kwenye mafunjo. Hanijui mimi ni nani, na si lazima anijue. Nilifurahi tu kwamba sijamwona zahanati kwa siku nyingi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko bondeni. Twendeni tukauzibe.

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo na chakula cha mtoto. Kwaherini, na mbaki na afya njema.